Nilipodhani Nimeajiriwa

Naikumbuka vizuri Jumatatu ile, mwanangu, nilipoingia darasa la nne katika shule moja binafsi kule Mbagala nikaanza kufundisha, kazi ambayo hakuna aliyenipa.

Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza baada ya miaka tisa. Nilifikia kwa dada yangu Kimara, na kila jioni aliniuliza, "Vipi, umepata?" Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimepeleka vyeti kwa mkuu wa shule hiyo, mama mmoja mpole sana. Alivisoma, akanimiminia chai, akasema, "Karibu sana, mwalimu. Hapa ni kwako." Mie nikajua basi, nimepata. Nikarudi kwa dada, tukapika pilau.

Jumatatu nikamkuta darasani kijana mwembamba, Mwalimu Hamisi. Nikamwambia nimekuja kufundisha Kiingereza. Akanitazama, akanikabidhi chaki, akatoka nje. Niliona ajabu, lakini nikafundisha.

Siku tatu zikapita hivyo. Kwenye ratiba ya ukutani jina langu halikuwepo. Ofisini sikuwa na meza, naletewa kiti cha wageni. Nikiuliza kipindi changu kinachofuata, walimu wanatazamana, kisha mmoja anajibu, "Utakavyoona mwenyewe, dada." Sikuelewa. Wananiheshimu au wananikwepa? Nimewasahau watu wangu, au wao ndio wamebadilika? Na Hamisi anasahihisha madaftari amekaa kwenye ngazi, nje ya darasa lake mwenyewe. Nilidhani ni msaidizi wangu, Mungu anisamehe.

Siku ya nne Bi Mwanaidi, mwalimu wa siku nyingi wa chekechea, akanivuta pembeni. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, hivi hapa umeajiriwa na nani?"

"Si mkuu? Alisema hapa ni kwangu."

"Alikukaribisha kama mgeni. Nafasi hakuna. Yeye anaona haya kukwambia, na Hamisi anadhani ameachishwa, mkewe mjamzito wa miezi minane. Mbona hukuuliza?"

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu.

"Mama, nina kazi hapa au sina?"

Akainamisha kichwa. "Huna, mwanangu. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Nikamfuata Hamisi pale kwenye ngazi, nikamwomba radhi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Hata mie nilipaswa kukuuliza, dada. Niliogopa vyeti vyako."

Kazi niliipata miezi miwili baadaye, Kipawa. Mkuu wa huko naye alisema karibu sana. Nikamwuliza: nimeajiriwa? Darasa gani? Naanza lini? Na nani anafundisha hapo sasa? Alicheka, lakini alijibu yote.

Basi wewe uliyerudi juzi, usione aibu kuuliza. Watu wetu ni wakarimu, neno "hapana" huwakwama kooni, na wewe uliyekaa mbali huwezi tena kulisoma machoni mwao. Uliza kwa adabu, uliza mpaka uelewe, maana usipouliza, hutaumia peke yako. Na watu wakikuogopa kwa ulikotoka, tangulia wewe kuwarahisishia kusema.

Mungu akupe kazi iliyo halali yako, mwanangu, na wenzako kazini wafurahi kila wakikuona unaingia. Amina.