Nguva wa Bi Faiza Wangoja Macho

Kabla ya adhana ya alfajiri, kijiko kinagonga ukingo wa sufuria katika nyumba ya vyumba viwili mjini Voi. Bi Faiza Badawy anapika gundi ya unga wa ngano, na ndimu kidogo ili isichache upesi. Mara anakumbuka kuwa jirani ana mtoto mchanga. Anaweka kijiko chini na kuchukua mwiko.

Gundi ikishapoa anaketi mkekani na kuanza mkia wa nguva kwenye kadi. Anabandika magamba ya samaki juu ya karatasi ngumu ya manila, moja baada ya jingine, kama mtu anayeezeka paa. Ni magamba halisi, ya samaki wa Ziwa Jipe. Ameyaosha kwa sabuni na kuyaanika juu ya ungo, huku akimfukuza paka.

Anayemwekea magamba hayo ni Katunge, muuza samaki wa sokoni. Humfungia kwenye gazeti na hajawahi kumdai kitu.

"Wateja huniuliza nayapeleka wapi," anasema Katunge. "Nawaambia kuna bibi huwavika nguva wake."

Nywele ni nyuzi za mkonge zilizochovywa katika chai ya rangi. Kazi ikifika hapo, kadi huonyesha nguva, nusu mwanamke nusu samaki, amekaa juu ya jiwe. Watoto wa Voi, ambao wengi wao hawajaiona bahari, huzipenda kwa siku zao za kuzaliwa.

Lakini nguva wa leo hana uso. Palipostahili kuwa na macho pana karatasi tupu.

Bi Faiza, mjane wa miaka hamsini na minne mwenye asili ya Mombasa, hachori uso. Marehemu baba yake alimfundisha kuwa kiumbe chenye roho hakichorwi macho. "Wapo wanaochora, sina neno nao," anasema. "Mimi mkono wangu hukataa."

Kwa miaka tisa nyuso zilichorwa na Mable Mghoi, Mtaita aliyekuwa jirani yake, mke wa mfanyakazi wa reli. Bi Faiza alikata na kubandika, Mable akatia macho, pua na mdomo. Kadi iliuzwa shilingi thelathini na tano, kumi zikiwa za Mable. Naye hakuwa ameiona bahari, kwa hivyo nguva wake walifanana na wanawake wanaotoka shambani jioni, wamechoka na wana jambo la kuchekesha la kusimulia. Watu waliwanunua kwa sababu ya sura hizo.

Mwaka jana, 1995, Mable alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na mwanawe Alexander akampeleka nyumbani Ronge, juu milimani. Tangu hapo hajachora. Bi Faiza alimtumia sukari mara mbili. Mara ya pili sukari ilirudi na ujumbe, kwamba Mable si maskini wa kupewa sadaka ya Ijumaa.

Mwenye duka la vitabu anayechukua kadi hizo amechoka kungoja. Amesema nguva wasio na nyuso hatawapokea tena, na akamtaja Ronald, mchora mabango, kuwa anaweza kuimaliza kazi. Ronald alijaribu mmoja. Alimpa midomo myekundu na hereni kubwa, kama mwanamke wa bango la baa. Bi Faiza alimshukuru, akampa chai, kisha akaifungia kadi kabatini.

"Leo nampelekea Mable," anasema akiifunga ile mpya kwenye kanga. "Akikataa, nguva nawaacha. Nitabaki na kadi za maua."

Huko Ronge anamkuta Mable mlangoni, akichambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Wanajuliana hali. Chai ya maziwa inaletwa. Wanaulizana habari za wajukuu, na mvua, na mtoto mchanga wa jirani, na Bi Faiza hataji kadi. Vikombe vikiwa vitupu ndipo anapoifungua na kuiweka juu ya kigoda.

Mable anaitazama kwa muda. "Mpelekee Ronald."

"Nilimpelekea. Akanifungulia baa."

Upande mmoja wa mdomo wa Mable unatabasamu. Kisha tabasamu linaondoka. "Nitaiharibu, Mama Fawaz. Na magamba yote haya."

"Samaki hawajaisha Jipe, Mama Alexander."

Mable anaomba burashi. Anaishika kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto anaukamata ule wa kulia pale kifundoni, kama mtu anayemshika mtoto asikimbie. Bi Faiza anavuta ungo wa maharagwe na kumgeuzia mgongo. Anachambua kwa makini, hata mazuri anayapitia mara ya pili.

Kazi iliyokuwa ya dakika chache zamani inachukua karibu saa mbili. Inapokwisha, jicho moja liko chini kidogo ya lingine, na mdomo umekwenda upande. Mable anaiweka burashi chini.

Bi Faiza anaiinua kadi kwenye mwanga. "Jicho hili limeamka," anasema. "Hili bado linavuta shuka."

Mable anacheka hadi anakohoa, na mkwewe anachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini.

Kesho kadi itapelekwa kwa mwenye duka. Akiikataa, Bi Faiza anasema ataiuza mlangoni kwake, na zitakazofuata pia. Kwa Ronald haziendi tena. Anatarajia kupanda Ronge kila Alhamisi, nauli ikipatikana.

Mable anamsindikiza hadi penye migomba, akiegemea fimbo. Kumi zake amezipokea na kuzifunga kwenye pindo la leso.

"Alhamisi uje tena," anasema. "Uje asubuhi, kabla mkono haujachoka."