Kufunga Kichwa

Kichwa kinaniuma tangu mwezi uliopita, na watu wote wa mtaa wetu wa Kasuku wamekuwa madaktari. Jirani anasema ni damu imepungua. Mwalimu mwenzangu anasema nahitaji miwani. Dereva wa pikipiki anayenipeleka shuleni, ambaye sikumuuliza chochote, anasema ni mawazo. Nimechoka kuwasikia. Mwishowe nikaenda kituo cha afya, nikapokelewa na muuguzi kijana aliyetoka Kisangani.

"Mama mwalimu, asubuhi unakulaka nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai na vumbi ya chaki."

Hakucheka. Alinipima presha, akaniambia nile maharagi, sombe ya majani ya muhogo na visamaki vya ndagala, nitafune karanga kidogo kabla ya njaa kunizidi, ninywe maji bila kungoja kiu, nilale mapema. Maneno mazuri, sikatai. Sasa natembea na chupa ya maji, karanga nazifunga kwenye karatasi, na kweli mchana siwafokei watoto kama zamani. Lakini usingizi hauuzwi sokoni. Nilipoinuka kuondoka akaongeza, "Ikiuma sana, ufunge kichwa na kitambaa, inasaidiaka." Nikamshukuru, nikatoka. Ni mgeni mtaani kwetu, hawezi kujua.

Kwetu, mwanamke akikaza kitambaa kwenye paji la uso, fundo mbele, haulizwi kama kichwa kinamuuma. Anaulizwa nani amekufa. Kilemba cha kwenda sokoni ni jambo jingine.

Mama yangu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Wakati wa vita, baba alipakia sabuni na chumvi kwenye baisikeli, akaenda Punia kuuza. Nyuma yake barabara ikafungwa. Treni nayo haikuja tena, chumvi ikaadimika mjini, tukala sombe chapwa mpaka ulimi ukasahau. Tulilala na viatu miguuni. Hapo ndipo kichwa cha mama kilipoanza kuuma. Alikaa mlangoni akikishika kwa mikono miwili, macho hayawezi kutazama jua. Shangazi, dada yake baba, akachana kipande cha kitenge, akamletea.

"Funga kichwa, wifi."

"Nikifunga watasema amekufa."

"Watu wote wanajua uko mugonjwa."

"Watu, ndiyo. Na yeye kule iko, atajua?"

Hakufunga. Alijimwagia maji baridi, akanusa lumbalumba, yale majani yenye harufu kali tunayopanda nyuma ya nyumba. Samaki akipatikana, alitugawia minofu sisi watoto, yeye akanyonya kichwa, akisema kichwa hutibiwa kwa kichwa. Tulicheka. Sasa ninajua alikuwa na njaa.

Vita vikaisha, kama wanavyosema. Watu wakarudi kutoka Punia, kila mmoja na lake. Huyu alimwona baba huko Obokote, amekonda lakini mzima. Yule alisikia kwamba alivuka mto na wengine. Hakuna aliyeliona kaburi. Wageni walimwambia mama, mvumilivu hula mbivu, naye akawashukuru. Mimi nilitaka kuwajibu kwamba mbivu zetu zimeshaozea mtini. Nilimkasirikia mama, nasema wazi. Nilitaka tukae matanga kama watu wengine, tulie, tumalize. Mtu anayengoja halali, na anayelala chumba kimoja naye halali pia. Miaka yote hii komeo la mlango wetu halifungwi, maana baba akija usiku atagongaje kwa sauti bila kuamsha mtaa? Kila panya akipita, mama huketi kitandani. Nami huketi. Kesho yake nakwenda kufundisha kugawanya, na kichwa changu ndicho kimegawanyika. Hayo sikumwambia muuguzi.

Juma lililopita nilirudi shuleni adhuhuri, jua kali, maumivu yamefika mpaka kwenye meno. Chumbani nikachana kanga ya zamani, nikajifunga, nikakaza, fundo mbele, kwa sababu hapo ndipo panapouma. Nikapata nafuu, na nafuu ile ikanipumbaza. Nikapakua wali na maharagi ya mama, nikatoka uani na sahani, nimeshasahau kilichokuwa kichwani mwangu.

Mama alikuwa juu ya kigoda, akichambua mchele kwenye ungo. Akainua macho. Aliuweka ungo kando, akateremka kwenye kigoda, akakaa kwenye udongo na kunyoosha miguu kama mfiwa.

"Ni nani alileta habari?"

"Hakuna habari, mama. Ni kichwa tu, inaniuma."

Nikapeleka mkono kwenye fundo. Akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake bado vina nguvu.

"Usifungue. Acha vile. Nimechoka kungojea, mwanangu."

Kisha akalia, polepole, bila kumwita mtu. Nikaketi chini karibu naye, nikalia pia, na sijui kama nililia kwa huzuni au kwa uchovu. Wali ukapoa. Alipotulia kidogo nikajipangusa uso, nikatoka kuwaambia majirani kwamba baba amekufa.