Sifuri Niliyoisemea Rumonge

Mwanangu, kaa nikueleze habari ya Jumatano moja. Nikiikumbuka, hata leo na ukubwa wangu huu, masikio yanashika moto.

Nimeikumbuka kwa sababu yenu. Juzi nilipita pale mnapochajia simu nikawakuta vijana sita mmeinamia kioo kimoja. Simu imepanga nchi za dunia kwa vurugu za shuleni, ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, na nyinyi mnabishana kama watu wa mpira. Huyu anasema Amerika ndiyo mbaya, wanafunzi wanaingia darasani na bunduki. Yule anasema Kongo. Mwingine akapiga kifua: "Sisi hatuko hata kwenye liste! Burundi oyee!" Mkacheka. Mimi nikapita kimya, na wewe unajua kwamba mimi si mtu wa kupita kimya.

Maneno hayo niliyasema kabla yenu, tena niliyasema vizuri kuliko nyinyi.

Unanijua. Kutoka Gatete mpaka Kigwena, ukisema "Patroni wa mawese", hakuna atakayeuliza yupi. Mashine tatu za kukamua, nyumba ya bati la rangi, na shule yangu iliishia darasa la tano. Nilizaliwa Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, nikasoma kule kwa wenyeji. Halafu baba akatuvusha Kongo, tukakaa Fizi mwaka mmoja, nikasoma na kule, tukarudi Tanzania. Kwa hiyo nilipokuja Rumonge, kwetu Burundi, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, nilikuwa nimekalia madawati ya nchi mbili. Dawati la Burundi sikulikalia hata saa moja. Shika hilo, maana ndiyo nchi niliyokwenda kuitolea ushahidi.

Wazazi wetu walibaki nyuma wakisubiri kuvuna muhogo. Mimi nilitangulia na kitinda mimba wetu, Konsolata, ili awahi shule. Alikuwa na miaka kumi na minne. Kiswahili chake kilikuwa maji ya mto, lakini Kifaransa hakujua hata salamu, basi wakamrudisha nyuma madarasa mawili, akawa anakaa na watoto wanaomfikia kifuani. Hakulalamika. Alisema atafanya konkuru, ule mtihani wa kwenda sekondari, hata ikibidi aufanye akiwa bibi kizee. Nilimpenda kwa ubishi huo, alinifuata mimi.

Sasa hiyo Jumatano. Shule yao, jina naliacha, ilipata mgeni. Alikuwa msichana wa Bujumbura, ana miwani, ana karatasi nyingi, anazunguka nchi za ziwa hili akiuliza swali lile lile kila mahali, ili wakubwa wake walinganishe. Direkteri, mkuu wa shule, alikuwa ameniingiza kwenye komite ya wazazi kwa sababu nasema sana. Akaniweka mbele kabisa ya mkutano wa wazazi.

"Kwa mwezi uliopita," mgeni akauliza, "ni watoto wangapi walipigwa au kuumizwa hapa shuleni?"

Direkteri akanitazama. Mimi nikasimama, nikarekebisha kola.

"Madamu, umeuliza mtu anayejua. Tanzania nimesoma. Kule kila kiboko kinaandikwa kwenye daftari la mwalimu mkuu, na daftari linajaa kabla muhula haujaisha. Kongo nimesoma. Kule wakubwa walitupiga njiani, na mwalimu hayupo hata wa kumshitakia. Lakini hapa kwetu Rumonge? Sifuri."

"Sifuri?"

"Andika, madamu. Biki yako isiogope."

Watu wakapiga makofi. Mzazi mmoja wa nyuma akanung'unika, "Na ile ya rula?" Direkteri akamgeukia upesi: "Ile ni guhana, mzee." Guhana, kwa Kirundi, ni kumwadhibu mtu ili anyooke. Nani ataandika malezi kwenye karatasi ya ukatili? Mimi nikaongeza, "Huyo mzee anakohoa tu, madamu." Wakacheka. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na siku ile nilivuma mpaka ziwani.

Konsolata ndiye aliyekuwa akigawa Fanta. Akamnyooshea mgeni chupa kwa mkono wa kushoto. Mgeni! Kwa kushoto! Nikaona aibu ya ukoo mzima. "Mkono wa kulia, we!" nikamkemea kwa meno. Akahamisha chupa kwenda kulia, ikamponyoka, ikapasuka sakafuni. Nikaomba radhi kwa niaba yake, nikasema ana usingizi.

Jumatatu hakwenda shule. Tumbo, alisema. Jumanne, tumbo. Jumatano akaniambia waziwazi kwamba hatarudi tena, atauza dagaa. Nikamwita mvivu. Nikamwambia wenzake kule Kongo wangelilia shule ya amani kama ile.

Aliyeniokoa ni mteja wangu. Mama Wabiwa alikuwa mama wa makamo kutoka Fizi, amevuka na watoto wake, ananunua mawese kwangu pale Kizuka, nilikokuwa nimeanza kukamua, na kuyauza sokoni. Mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Siku hiyo alimwomba Konsolata amshikie faneli wakati wa kumimina. Mtoto akashindwa kuishika. Mama Wabiwa akamkamata mkono, akaugeuza juu. Wakakaa pembeni, mtoto akamweleza yote. Kisha akaja kwangu akiburuta bido mbili tupu, madumu ya kubebea mawese, akazibwaga miguuni pangu.

"Hizi bido ziko sawa?"

Nikacheka. "Mama, hiyo moja imebonyea tako. Unataka kuniibia mchana?"

"Na bido ya Fizi na bido ya hapa?"

"Fizi mnajaza mpaka mdomoni. Hapa tunaacha vidole viwili."

"Sasa mutu akikuambia ameuza bido kumi, weye unamuuliza nini?"

"Namuuliza bido gani. Mama, hayo hata mtoto anajua."

"Kumbe unajua!" Akaweka mikono kiunoni. "Basi sikia, Patroni. Tanzania wanaandika kila fimbo. Bido yao imejaa mpaka mudomo, kila mutu anaiona. Sisi Kongo hakuna wa kuandika, bido yetu iko na tundu. Na hapa kwenu munaita guhana, bido haijafunguliwa hata kizibo. Alafu weye unasimama mbele ya watu unasema Burundi imeshinda! Umeshinda nini? Unashindana na inchi za watu kwa vidole vya dada yako?"

Nikaitwa kuuona ule mkono, wa kulia. Mwalimu wake alikuwa na desturi: kwa kila neno la Kifaransa lililokosewa, mtoto anakusanya ncha za vidole vitano kama mtu anayechota chumvi, anaziinua juu, rula inashuka. Ya mbao. Konsolata alikosea maneno mengi kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyeanza na maneno machache kuliko wote. Kucha mbili zilikuwa nyeusi, na kidole cha shahada kimevimba, hakikunjiki. Kushika biki hawezi, na konkuru imekaribia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

Alinitazama machoni. "Nilipanga kukuambia ile Jumatano, mgeni akiondoka. Lakini ulishasema sifuri mbele ya direkteri. Kaka, mimi ni moja. Sifuri yako na moja yangu, wangeamini nani?"

Mwanangu, nimepigwa katika maisha yangu. Viboko vya Tanzania nimevila, ngumi za Fizi nimezila. Hakuna kilichoniingia kama hilo. Nilikuwa nimemfunga mdomo dada yangu kwa makofi ya watu.

Nikachukua baiskeli. Mgeni nilimkuta Kigwena, amekaa kwenye ngazi ya shule nyingine anakula ndizi. Nikamwambia, "Madamu, futa ile sifuri. Nilidanganya."

Hakushangaa. Akatoa karatasi. "Basi niandike ngapi?"

Sikujua! Mimi, shahidi wa nchi mbili, sikujua hata ya darasa moja.

"Nenda ukaulize," akasema. "Usinihesabie kwa kichwa. Na usiwaulize kama wamefanyiwa ukatili, watakuambia hapana. Waulize nani amepigwa, na nini, na wapi."

Nikarudi. Tukapita na Konsolata nyumba kwa nyumba, yeye anauliza, mimi nimenyamaza, kazi ngumu kuliko kukamua mawese. Tulipoteleza tukauliza habari ya ukatili, akina mama walijibu "hapana, amahoro tu", yaani amani tupu. Tukiuliza kwa lile la rula, mtoto anatoa mkono mwenyewe. Majina yalijaza ukurasa wa mbele wa kaye, daftari lake la shule, yakageukia wa nyuma. Na hayakuwa ya rula peke yake. Kulikuwa na wasichana wanaovutwa nywele chooni, na watoto waliotoka Tanzania kama sisi wanaorushiwa mawe wakiambiwa "Rudini kwenu!" Kwao wapi tena?

Mkutano uliofuata nilisimama pale pale, nikasoma majina. Kelele! "Patroni, umetuuza!" baba mmoja akapiga kelele. "Sasa tumewapita Watanzania kwa ubaya!"

"Tumewapita," nikasema. "Na bado sijamaliza kuhesabu."

Direkteri alifoka, akasema nimeichafua shule. Lakini mwalimu mwenyewe, mwanamume mwembamba ambaye hatukuwahi kumsikia akisema mkutanoni, alisimama akaweka rula juu ya meza. "Mimi pia nilifundishwa hivyo," akasema, akakaa. Juma lile direkteri akafungua kaye ya kuandika kila anayeumizwa, nani kamuumiza na kwa nini. Mwezi wa kwanza iliandikwa sana. Mtu wa ile liste ya simu angesema shule imeharibika. Mimi niliyekuwepo nakuambia kwamba ndipo ilipoanza kupona. Mwaka uliofuata kaye ilikuwa na kurasa nyeupe, na weupe ule niliuamini, kwa sababu ulikuwa umeulizwa.

Konsolata konkuru ya mwaka ule ilimpita. Hilo sikuweza kulirudisha, na mimi nimerudisha mengi. Alikariri darasa, akafaulu. Leo ana watoto wake, na kile kidole hakijawahi kukunjika sawasawa.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kulinganisha nchi si vibaya. Mfanyabiashara asiyelinganisha hufa maskini. Lakini ukionyeshwa hesabu ya maumivu, kabla hujashangilia uliza kwanza bido gani: nani aliulizwa, kwa neno lipi, na mbele ya nani. Nchi inayoandika huonekana mbaya, na inayonyamaza huonekana malaika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usitafute heshima ya nchi yako kwa kumziba mdomo mtoto wake. Na wewe ukiwa mkubwa wa nyumba, chunga unachokisema mbele za watu, maana yuko mdogo pale anayesikiliza apime kama atathubutu kukuambia. Haya niliyapata kwa gharama ya kidole kisicho changu. Wewe yachukue bure.

Mungu akupe masikio makubwa kuliko mdomo. Watoto utakaowazaa wakulilie wewe kwanza kabla ya kumlilia mtu mwingine, na wakikunyooshea mkono, uutazame. Kaa na amani, mwanangu.