Wapenda Ndege wa Mofwe

Miezi ya kufunga uvuvi huwa sina samaki wabichi wa kuuza sokoni Nchelenge. Ndiyo maana nilikubali mdogo wa mume wangu aliponiomba nikawapikie wageni wake. Shemeji huyo alikuwa amejipa cheo cha kiongozi wa watalii tangu aliponunua darubini na kofia yenye kamba ya kidevuni.

Wageni walikuwa Wazungu wawili, mke na mume, wamevaa nguo za rangi ya matope kana kwamba ndege huchagua watu kwa mavazi. Tulipanda mtumbwi tukaingia Mofwe, bwawa la kando ya ziwa, kwenye hifadhi, pale ambapo mvuvi wetu akionekana hufukuzwa eti anasumbua viota. Nikapiga chafya. Yule mama akanigeukia, kidole mdomoni.

"Yaya, jikaze," shemeji akaninong'oneza; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Ndege batakimbia."

"Na chafya imefungwa na sheria?"

Ndipo tukamwona ndege wa rangi ya kutu, vidole virefu kama njiti, akitembea juu ya majani ya yungiyungi. Chini ya mabawa yake ilining'inia miguu mingine, myembamba sana. Shemeji alisema huyo ni baba, amewakwapatia watoto wake. Hata mimi niliyefuata sufuria zangu tu nilibaki mdomo wazi.

Mzungu hakutosheka. Alimtaka karibu zaidi. Akatoa simu, akaiwasha ikalia sauti ya ndege wa aina ileile. Yule ndege baba akadhani dume mwingine kaingia kwake. Akawaacha vifaranga juu ya jani, akatujia mbio akifoka. Mwewe alikuwa akingoja hilohilo. Alishuka mara moja, akaondoka na kifaranga.

"Mayo!" nikapiga kelele, nikimwita mama yangu.

Wageni nao walipiga kelele, za furaha. Mume alikuwa ameipata picha. Mke akampigapiga mgongoni kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Nikamwambia shemeji, "Ubaambie kama ni bao bameua ule mutoto."

Akatabasamu, akawaambia maneno machache ya Kiingereza. Yule mama akaweka mkono kifuani, akaniinamia kwa shukrani.

"Umebaambia nini?"

"Nimebaambia kama umefurahi sana."

Wale wawili angalau hawakuelewa Kiswahili. Yeye alielewa kila neno.

Ndege alirudi, akapita jani kwa jani akiita. Hakuna aliyemtazama, vichwa vyote vilikuwa vimeinamia kamera.

Mchana niliwapikia bukari, ugali wetu, wakala, wakasifu. Kesho yake shemeji alipokuja kunichukua nilimwambia atafute mpishi mwingine. Akasema ninamharibia kazi. Nikamjibu kwamba kazi ya namna hiyo huharibika yenyewe, nikaendelea kufagia uwanja wangu.

Haikuharibika. Picha ya mwewe na kifaranga, aliyotumiwa na wale Wazungu, shemeji ameitundika mlangoni pake, naye humwahidi kila mgeni mpya kwamba, Mungu akipenda, ataona kama ile.