Kuni Zilizowekwa Kando

Bibi Nanichhori ana namna yake ya kufunga mzigo wa kuni. Hutandika chini kamba mbili za mabua ya mpunga, hupanga vijiti vyembamba katikati na vinene pembeni, kisha hupiga goti juu yake na kuvuta mpaka kamba zinalia. Ukikuta mzigo wake popote hapa Hasikhel, utaujua. Ndiyo maana kuni zile zilipokaa kule mtoni muda wote ule, hakuna aliyeweza kusema hajui ni za nani.

Nyumba yao na yetu zinagawana ukuta. Niliacha shule darasa la tano, mama akaniketisha kwenye mtambo wa kufuma, na dirisha la mtambo linatazama ua wao. Mengi niliyaona nikiwa hapo. Mengine nilisikia tu, maana ukuta wenyewe ni mwembamba.

Mumewe aliitwa Bekhalal, na kazi aliyojulikana nayo haikuwa kulima, ingawa alilima maisha yake yote. Alijulikana kwa kubeba. Hapa mtu akifa hubebwa na guthi, chama chetu cha kufa na kuzikana, ila sisi hatuziki, tunachoma mtoni. Kila nyumba inatoa mwanamume mmoja na mzigo mmoja wa kuni. Nyumba nyingine humtuma kijana mwenye usingizi, au mtu anasingizia mgongo. Bekhalal alikwenda mwenyewe kila mara, akashika mbele upande wa kushoto. Alimbeba babu yangu. Wanasema njiani alikuwa akizungumza na maiti kwa sauti ya chini: "Hapa pana jiwe, vumilia kidogo."

Mbele upande wa kulia alishika Purnaman, mkuu wa guthi, rafiki yake tangu walipokuwa watoto wa kuchunga bata. Walibeba pamoja miaka mingi hadi bega moja la kila mmoja likashuka. Wakisimama sambamba walikuwa kama paa lililobonyea katikati. Bibi Nanichhori aliwacheka: "Msisimame hapo, mvua ikinyesha mtakusanya maji."

Kisha ikaja habari ya barabara kuu. Ilikuwa itoke mjini kwenda nchi tambarare, na ipite katikati ya mashamba yetu ya chini. Watu wa vipimo walichomeka vigingi vyekundu kwenye koliflawa na vitunguu saumu, usiku vigingi vikang'olewa, asubuhi wakachomeka vingine. Tukakutana uwanjani mbele ya hekalu la Mama Mungu. Huyu anataka kesi, yule anataka tukalale mbele ya matingatinga, na Asamaru mwenye duka alitaka wahandisi wapigwe na fagio. Makelele yalipopungua, Bekhalal akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Kwenye kesi wao wana mawakili," alisema. "Kwenye fujo wana polisi. Sisi tuna nini? Tuna mabega. Nyumba itakayopokea pesa ya barabara, maiti wake asibebwe na mtu wa Hasikhel."

Purnaman akamtazama. "Una hakika, Bekha? Neno hilo likishatoka halirudi."

"Ndiyo maana nalitoa."

Wakuu wa nyumba wakapanda mmoja mmoja kugusa ngazi ya hekalu, wakaapa. Bekhalal alikuwa wa kwanza.

Hakuna aliyekumbuka siku ile, hata yeye, kwamba shamba lao la chini lilikuwa limeandikwa kwa jina la mwanawe, Kaji. Kaji alipotaka kwenda Korea, benki ilitaka aonekane ana mali, basi baba akamwandikia shamba. Kijana akaenda, mzee akaendelea kulima, na karatasi ikasahaulika kama zinavyosahaulika karatasi.

Kaji alikuja kwenye sikukuu ya Mohani. Alikula nyama ya nyati na mchele wa kupondwa pamoja nasi wote, akamnunulia mama yake simu, alasiri moja akasema anakwenda mjini kuonana na rafiki zake, na baada ya sikukuu akarudi Korea.

Haradali ilipochanua, mashine ikaja. Ilitoka kwenye njia ya kokoto ya tanuri za matofali, ikaingia shamba la Bekhalal, ikalichuna lote na maua yake ya manjano, ikafika kwenye mpaka wa vitunguu saumu vya Purnaman na kusimama. Haikugusa hata jani moja la jirani. Hapo kila mtu akaelewa, bila kuambiwa. Tukawa na barabara kuu yenye urefu wa shamba moja.

Bekhalal alisimama ukingoni mpaka mashine ikaondoka. Akarudi nyumbani, akaketi kizingitini avue viatu, na mkono wa kulia haukumtii. Tangu siku hiyo alilala. Maneno yalimtoka moja moja, na mengi hayakutoka.

Purnaman alikuja siku ya pili. Nilikuwa dirishani. Alisimama nje ya mlango, hakuingia.

"Shemeji."

"Shemeji," akajibu Bibi Nanichhori.

"Unajua nimekuja kwa nini."

"Ingekuwa nyumba nyingine, yeye ndiye angetumwa kuwaambia. Kwa hiyo sema tu."

"Guthi imewatoa."

"Nimesikia. Chai?"

"Siwezi."

"Najua huwezi. Nimeuliza tu."

Purnaman alibaki pale kidogo, macho yake yako kwenye viatu vya Bekhalal vilivyokuwa bado kizingitini, kimoja kimevuliwa na kingine kimefungwa kamba. Kisha akaenda.

Jioni hiyo bibi alimpigia Kaji simu. Bibi Nanichhori huongea na simu kwa kupaza sauti kana kwamba anataka Korea imsikie bila simu, na simu yenyewe nayo hupaza. "Kairudishe hiyo pesa ya barabara," alisema.

"Hairudishwi, mama. Na hata ingekuwa inarudishwa. Mmelima pale maisha yenu yote, mmepata nini? Mgongo."

"Baba yako atabebwa na nani?"



"Siku hizi kuna magari, mama."

Bibi akaizima simu. Baadaye nilimsikia akimwambia mumewe, kwa sauti ya kawaida, kwamba mtoto anasalimia.

Sisi tuliendelea kupinga. Kila asubuhi watu waliketi na ngoma zao mwisho wa shamba la Purnaman, pale mashine ilipoishia, ili isivuke. Bibi Nanichhori alikuja kila siku. Alimlisha mumewe, akamgeuza, akaja na mkeka wake. Hakuketi na wanawake. Alitandika mbali kidogo, upande wa udongo uliochunwa, akakaa peke yake kuwakabili polisi wakija.

"Mwenye barabara amefika," Asamaru akasema asubuhi moja, kwa sauti ya kusikika. "Mpisheni, asije akatudai nauli."

"Wewe nakupitisha bure," Bibi Nanichhori akajibu bila kugeuka. "Kwa umbea ulioubeba, magurudumu yatapasuka."

Wanawake wachache walicheka, kisha wakakumbuka, wakaacha. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Zamani kicheko kama kile kingemsogeza katikati ya mkeka wa watu. Sasa kilikufa, naye akabaki palepale, akichambua kokoto kwenye udongo uliokuwa shamba lake na kuzirundika pembeni.

Mwaka ule tulifiwa sana. Wa kwanza alikuwa mzee wa kichochoro cha chini. Mizigo ya kuni ikakusanywa kwenye lango la kijiji, pale wanawake tunapoishia, maana mtoni huenda wanaume. Bibi Nanichhori akaja na mzigo wake mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akautua pamoja na mingine.

Purnaman akamwendea. "Shemeji, nyumba yenu haimo."

"Mliapa hamtambeba wa kwetu," alisema. "Hakuna aliyeapa kwamba sisi tusilete kuni za wenu. Maneno aliyatoa mume wangu, nayakumbuka yote."

Vijana wakabeba mizigo yote, wakauacha wake. Basi akaubeba tena mwenyewe, akashuka nao mpaka mtoni kabla maiti hajatoka, akapanda mlima kurudi mikono mitupu. Kaka yangu alisema waliukuta kwenye ngazi za kuchomea, wakausogeza kando ukutani. Hakuna aliyetaka kuutia motoni wala kuutupa majini.

Aliyefuata ilikuwa hivyo hivyo, na aliyefuata huyo pia. Kila kifo kilikuwa na mzigo wake ukutani. Mama alimwambia mara moja, juu ya ukuta wa ua, kwa kunong'ona kwa sababu hatukutakiwa kuongea naye, "Dada, unajichosha bure." Alijibu kwamba Bekhalal humuuliza. Akisikia kilio kijijini, humtazama yeye halafu hutazama panga. Hawezi kusema zaidi, lakini hilo analisema.

Bekhalal alikufa msimu wa mvua, asubuhi. Niliisikia kwa ukuta: pumzi yake ndefu ilikuwa imezoeleka kama saa, kisha ikawa haipo. Halafu nikamsikia bibi akilia. Mtu akilia hivyo, mjumbe wa guthi huzunguka vichochoroni akiita nyumba kwa nyumba. Nilingoja nimsikie. Watu walikuwa wanafagia, wanachota maji. Mama alisimama katikati ya chumba na ndoo mkononi, hajui aiweke wapi.

Binti yao Sanumaya, aliyeolewa kijiji jirani, alikuja na mumewe. Saa chache baadaye ikaja gari nyeupe ya kubebea maiti, Kaji ameiagiza kwa simu. Ilipanda kupitia lile shamba lililochunwa, kwa sababu hakuna pengine pa gari. Dereva alikuwa Mtamang, mtu wa kabila la milimani, jina lake Lakpa, akapanda kwa miguu mpaka mlangoni.

"Pole, mama. Gari ipo pale chini."

"Pale chini wapi?"

"Kwenye barabara mpya."

"Ile siyo barabara. Ni shamba langu," Bibi Nanichhori akasema. "Mume wangu hatapita pale."

"Mama, njia ya gari ni hiyo moja."

"Basi gari ibaki."

Walikwisha kumfunga kwenye mianzi, na shuka jeupe tu juu yake, maana kitambaa cha nakshi wanachofunikwa maiti wetu ni mali ya guthi. Sanumaya na mumewe wakashika nyuma. Bibi Nanichhori akashika mbele, kulia. Mbele kushoto hapakuwa na mtu.

Wanaume walikuwa milangoni mwao, kichochoro kizima. Lakpa akawatazama mmoja mmoja.

"Hawa wote mabega yao yanauma?"

Lakpa akavua kofia, akaitia mfukoni. "Mimi nimelipwa nimfikishe mtoni," alisema. "Hakuna aliyeniambia lazima kwa magurudumu." Akaingiza bega pale mahali pa Bekhalal.

Wanawake hatuendi mtoni, lakini siku ile aliyebeba mbele alikuwa mwanamke, sikujua tena kanuni ipi inanihusu. Nilifuata. Njia ya zamani ilikuwa tope. Bibi alikwenda pole pole, kilemba chake cha shali kikilowa, na tulipofika kwenye mteremko nilimsikia: "Hapa pana jiwe. Vumilia kidogo." Lakpa alidhani anaambiwa yeye, akaitikia, "Nimeliona, mama."

Nilipogeuka, Purnaman alikuwa anakuja. Alikuwa mbali nyuma, mikono mgongoni. Walipotua kupumzika, naye alisimama. Walipoinua, akaanza tena kutembea. Hakuupunguza ule umbali hata hatua moja, wala hakuuongeza.

Nilikuwa nahofia kuni, maana za kumchomea zilikuwa zile za ukutani tu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na niliona kichwani mwangu mizigo imeoza, imeota uyoga. Tulipofika tuliikuta imefunikwa. Mtu alishona mifuko ya mbolea pamoja kwa uzi wa gunia, akaitandaza juu na kuibana kwa mawe. Bibi Nanichhori akainua pembe. Chini yake kuni zilikuwa kavu, kila mzigo na kamba zake mbili. Mifuko ilinuka vitunguu saumu.

Akatazama juu njiani. Purnaman alikuwa ameketi kwenye ukuta wa mwisho, ametupa mgongo. Bega lake moja lilikuwa limeshuka, na upande wake wa pili hapakuwa na mtu. Bibi hakumwita. Akaanza kufungua kamba, mzigo baada ya mzigo. Zilitosha. Sanumaya akawasha.

Bado tunapinga. Kesi iko mahakamani, mashine haijavuka vitunguu. Bibi Nanichhori bado anatandika mkeka wake palepale, mbali kidogo. Siku moja moja Purnaman hupita mbele ya mlango wake, naye humuuliza, "Chai?" na Purnaman hujibu, "Siwezi," na wote wawili hukawia kidogo kabla ya kuachana. Kwa ukuta sasa sisikii kitu. Zamani nilisikia kijiko kwenye bakuli, maji, bibi akimsimulia mtu asiyejibu nani amesema nini. Sikujua kama ningeikosa sauti ile.

Juzi alifariki mama mkwe wa Asamaru. Kilio kilipoanza tu, bibi akatoka uani na panga lake. Nilifungua dirisha.

"Bibi, hawataupokea."

"Najua."

"Sasa unawapelekea wa nini?"

Alikuwa amepiga goti juu ya mzigo. Akavuta mpaka kamba zikalia, akafunga fundo, akalijaribu kwa kidole.

"Zile za kwanza zimekwisha," alisema. "Na mimi siku yangu ikifika sipandi gari."

Akaweka kamba kwenye paji la uso, akainuka polepole, akatoka kwa njia ya zamani.