Siku Nilipoupuliza Mpira wa Dripu

Mnaweza kucheka, lakini mpaka leo nikifika karibu na hospitali ile huwa navuka barabara nipite upande wa pili, maana yumo nesi mmoja aliyenikuta wodini na mpira wa dripu mdomoni.

Shangazi Kabula, aliyenilea tangu nilipoacha shule darasa la tano, alilazwa kwa malaria kali, hata maji hayakai tumboni, akatundikiwa dripu ya kwinini. Mishipa yake ni ya kutafuta kwa tochi; nesi alipoupata mmoja mkononi alisema, "Huu tuutunze, mwingine sijui tutaupata wapi." Miaka ile maduka ya dawa yalikuwa yameanza kuota kila kona ya mtaa wetu wa Kirumba na vifaa ulijinunulia mwenyewe, basi nami kila asubuhi nikapeleka mpira mpya, nesi anapokea, anaweka kabatini, anabadilisha chupa, mpira ni uleule! Nikajua tu, huyu anataka kuuza.

Saa ya kuona wagonjwa, nesi katoka, wodi imejaa, nikawatangazia watu kwamba mimi nimeshika injini za mitumbwi pale Mwaloni (nilikuwa nashika spana tu), na kama injini haivumilii mpira mchafu, sembuse shangazi yangu. Nikachomoa wa zamani kwenye sindano ya mkononi, nikafungua mpya, nikauona kama una vumbi, nikaupuliza kama tunavyopuliza wa petroli. Damu ikachuruzika shukani, mama wa kitanda cha pili akapiga yowe, nesi akaingia mashavu yangu bado yamevimba.

"We kaka! Unafanya nini?"

"Nausafisha, sista."

"Nani kakutuma? Mpira wa dawa hii tunauacha siku kadhaa makusudi. Uliopitisha damu ndio tunawahi kuubadilisha. Kila ukiufungua, unawafungulia wadudu mlango wa kwenye damu!"

Ikabidi aondoe vyote, na sindano yenyewe, aanze upya. Mkono huu hakuna, ule hakuna, mimi machozi yananilenga, mpaka akaupata mguuni.

"Msamehe, mwanangu," shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Huyu, kuku wangu alipokuwa anaatamia, alikuwa anamwinua kila siku aone mayai yamefikia wapi. Hakikutoka kifaranga hata kimoja."

Wodi nzima ikaangua kicheko, na nesi naye.

Shangazi alipona. Tuliporudi nyumbani akanikabidhi kuku anayeatamia, nami nikaketi mbali naye, mikono yangu yote miwili nimeikalia.