Mama wa Gavana

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa nasoma sheria London, redio ya jikoni kwetu Thamesmead ilitangaza kwamba kijana mmoja angeuawa siku ile huko Texas kwa hukumu ya mahakama. Mama akazima jiko, chapati bado mbichi. Akaniuliza, "Gavana wao ana mama?"

Nilikasirika. Nikamweleza kwamba kule gavana hasamehe peke yake. Sharti kwanza bodi ya misamaha impendekezee, na bodi ilikuwa imeshakataa. Tena uchaguzi umekaribia, na huruma haimpi mtu kura.

"Sijakuuliza bodi. Mama anaye?"

Kwao Unguja, aliyehukumiwa kifo aliombewa hivyo: wanawake wa ukoo walivaa mabuibui, wakabeba sinia la halua, wakaenda kumlilia mama mzazi wa mkubwa mwenye amri. Sasa alitaka nitafute namba ya simu ya Texas. Alinikodolea macho, mikono imejaa unga, kana kwamba mimi ndiye ninayechelewesha.

"Hata huko kwenu," nikafoka, "nani aliokolewa kwa halua?"

Akakaa kitini. Ndipo nikajua kwamba yeye mwenyewe aliwahi kwenda, kwa ajili ya kaka yake.

"Yule mama alitupokea vizuri," alisema. "Akaila halua, akatuahidi atasema na mwanawe. Tukarudi nyumbani tunacheka. Kumbe kaka keshazikwa tangu asubuhi."

Akanisogezea simu.

"Ndiyo maana nakwambia piga sasa."